Funda la Marakuja

Ptu! Mnisamehe, lakini nisipotema kwanza sitaweza kuanza. Hadi leo nikisikia neno marakuja, lile tunda ambalo wengine wanaliita pasheni, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu. Ni yale mate mepesi ya mtu anayetafuta pa kutapikia. Watu husema kinyaa huisha ukizoea. Waongo. Mimi bia ya marakuja nimeinywa kwa lazima mwaka wa nne sasa, na kila chupa inanichukiza kama ile ya kwanza.

Nasema nikiwa na haki ya kusema. Mama yangu alikuwa mpika urwarwa, pombe yetu ya ndizi, na mimi nikairithi kazi hiyo hapa Cibitoke, mtaa wetu wa mji wa Buja, mpaka magoti yaliponikatalia. Najua ndizi zinavyofukiwa shimoni hadi ziive, zinavyokamuliwa kwa nyasi hadi mikono inakufa ganzi, maji kiasi gani, unga wa mtama viganja vingapi, na siku gani ya kufunua. Wapikaji wa mtaa wa Jabe walikuwa wananiletea kikombe: "Mama, onja, utuambie imekosa nini." Naonja mara moja tu. Nawaambia ndizi zilitolewa shimoni kabla ya siku yake, au aliyekamua alinawa kwa sabuni ya kufulia. Walicheka, wakarudi kwao, wakaanza kuulizana nani alinawa kwa sabuni. Ulimi wangu haukuwa na msamaha, na niliujivunia kuliko sura yangu.

Kitu kingine nilichojivunia ni jinsi nilivyoolewa. Hicho lazima nikieleze kwanza, maana bila hicho mengine hayaeleweki.

Kwetu siku ya kuomba mke, tunayoiita gusaba, pombe hainyweki hivi hivi. Wageni wanakaa upande huu, wenye binti upande ule, wasemaji wawili wanashindana kwa maneno matamu na ng'ombe wa mdomo, kisha pombe inapita kwa heshima yake. Aliyeileta anaonja kwanza mbele ya macho ya watu, wote waone haina sumu. Ndipo anapewa mkubwa wa upande wa pili. Kuikataa pombe ya mtu siku hiyo ni kumkataa yeye mwenyewe, na ukoo wake, na kaburi la babu yake. Hata mlevi analijua hilo.

Siku yangu, pombe ya wageni ilipita kwetu vizuri, kisha ikafika zamu ya pombe yetu kwenda kwao. Mama alikuwa ameihangaikia juma zima. Akaonja mwenyewe kwanza, akanipa kibuyu, nikaenda kupiga magoti mbele ya mamamkwe wangu mtarajiwa. Akashika mrija, akavuta, mashavu yakajaa. Halafu puuu! Akanipulizia yote usoni na kifuani. Kabla sijapangusa macho, shangazi wa mume wangu, wakati huo bado mwanamke mwenye miguu myepesi, akaruka kutoka kitini na kupiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. "Amembariki! Jamani, amempulizia baraka! Kwetu milimani mama akimpenda mkamwana hasemi, anapuliza!" Wanawake wakavipokea vile vigelegele, wanaume wakapiga makofi, na mimi nikachumbiwa nikinuka urwarwa.

Hadithi hiyo nimeisimulia mara ngapi? Nimewasimulia wateja, majirani, hata daktari wa macho. Nilikuwa naimalizia kila mara kwa maneno haya: pombe ya mama yangu ilikuwa tamu hadi mamamkwe akakosa la kusema. Miaka thelathini na mmoja niliishi na mume wangu kabla Mungu hajamchukua, na tukigombana namwambia, "We, angalia sana, mi nilipuliziwa." Hapo anacheka, na ugomvi unaishia hapo.

Sasa binti yangu. Ninaye mmoja tu, mwalimu wa shule ya msingi, mpole kama baba yake. Alipokuwa na miaka ishirini na saba alikuja mchumba wa kwanza, mfanyakazi wa serikali, na ukoo wake ukaleta urwarwa. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Shemeji yangu alikuwa msemaji wetu, lakini kuonja aliniachia mimi, akisema nyumba hii ina ulimi wake. Nikaonja. Ilikuwa maji na sukari, na nyuma yake ndizi iliyooza. Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Nikasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu, "Hii wameiongeza maji." Baba wa kijana akasimama, akavaa kofia yake, na ukoo mzima ukasimama nyuma yake. Walirudi na vibuyu vyao. Yule kijana akaoa kwingine kabla ya mwaka kwisha.

Binti yangu hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kujibu. Alikuwa ananisalimia asubuhi, anakwenda kazini, anarudi, anakula, anaosha sahani, basi. Miezi miwili hivyo. Kabla ya hapo alikuwa na tabia ya kuimba akioga, nyimbo za kwaya, sauti nzuri kabisa. Aliacha. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulimvunja mtoto wangu nami nikiwa natazama.

Miaka sita ikapita ndipo akaja huyu wa pili. Alikuwa amesoma Ulaya mambo ya vyakula, akarudi Buja, akakodi ghala kuukuu kule mtaa wa Asiatique, katikati ya maduka ya vitambaa na vipuri, akaanza kupika bia kwenye mapipa yanayong'aa. Chupa ndogo ndogo, na kila chupa etiketi yake yenye rangi. Akaniambia kwa fahari kwamba ni bia artizanali, ya kazi ya mikono. Nikamwambia hata mimi ni artizanali miaka yote hii, ila hakuna aliyenibandika karatasi.

"Mama, mi natiamo matunda," akanieleza. "Marakuja, embe, nanasi."

"Mutoto wangu, mutu anatia tunda mu bia juu ya nini? Bia imekukosea nini?"

Akatabasamu. Ana adabu, lazima niseme ukweli. "Lakini Mama, ndizi nayo si tunda? Urwarwa yako pia iko bia ya tunda."

Binti yangu akacheka kwa sauti. Mimi sikucheka. Nilitafuta jibu juu na chini, nikaishia kusema ndizi ni ndizi. Nilikasirika siku tatu, nikimenya viazi najibu peke yangu jikoni. Lakini siku ya nne asubuhi nikasikia kitu bafuni. Binti yangu alikuwa anaimba. Nikaweka kisu chini nikasikiliza mpaka maji yalipofungwa.

Basi gusaba ikapangwa, Jumamosi mchana. Siku moja kabla, binti yangu alikuwa anapiga pasi imvutano yake, lile vazi letu la sherehe, akaniita.

"Mama, ataleta ile bia yake ya marakuja. Iko kazi ya mikono yake, anaona haya kuleta ya kununua. Utaonja we. Na utameza."

"Nitameza."

"Mama, niangalie. Mi niko na miaka makumi tatu na tatu. Ukiharibu na hii, mi natoka hapa. Utakuwa unanisikia kwa watu."

Hakupandisha sauti hata kidogo, akaendelea kupiga pasi. Nikaapa kwa jina la baba yake kwamba nitameza. Nikajipa moyo: utotoni Mama alikuwa ananinywesha umubirizi, yale majani machungu ya kutoa minyoo, huku amenibana pua, na sikufa. Tunda litanifanya nini?

Siku ikafika. Hema uani, viti vya plastiki, joto la kuchemsha mayai. Shangazi, yule yule wa vigelegele vya zamani, alikuwa ameshuka kwa basi kutoka milimani jana yake. Sasa ana miaka themanini na zaidi, fimbo mkononi, sikio moja limekufa. Ujana wake aliula Jabe, kwa hiyo Kiswahili chake hakijamtoka. Nikamketisha kando yangu kwa heshima. Wasemaji wakasema. Jamani, walisema! Ng'ombe wakahesabiwa ambao hakuna aliyewaona. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na wenzake, hamwangalii mchumba, ananiangalia mimi.

Ikafika pombe. Chupa zikaletwa kwenye sinia, zikafunguliwa mbele yangu, maana hapa kwetu hata baa chupa haifunguliwi nyuma ya mgongo wa mtu. Mjomba wa kijana akaonja kwanza. Nilimwona akimeza, nikaona na chozi limemtoka jicho la kushoto. Nikadhani ni furaha. Maskini mimi.

Kijana mwenyewe akapiga magoti mbele yangu, shati jeupe limenyooka, akamimina kwenye glasi ndefu. Rangi ya kwanza iliyonijia kichwani ni ya mkojo wa mgonjwa wa nyongo. Povu lake zito, la kunata ukingoni kama maji ya kufulia soksi. Ndani yake vitu vyeusi vilikuwa vinapanda na kushuka. Mbegu! Alikuwa ameziacha mbegu za marakuja humo, zinaogelea, kila moja na utelezi wake. Nikaileta puani. Pombe ya kwetu inanuka moshi na shamba. Hii ilinuka kile kimti cha karatasi kinachoning'inizwa kwenye kioo cha teksi, pamoja na mafuta ya nywele, na chini kabisa, ukivuta sana, kitu kilichokufa nyuma ya kabati.

Nikamtazama binti yangu. Nikanywa.

Mungu wangu. Kwanza ilikuja sukari, sukari ya peremende iliyonyonywa na mtu mwingine. Nikasema moyoni, hii naiweza. Halafu ukaja uchungu, si uchungu safi wa umubirizi, ni uchungu wa kidonge kilichokwama kooni. Nyuma yake ukaja uchachu wa marakuja lililosahaulika mfukoni mwa plastiki juani. Vyote vitatu havikuchanganyika, kila kimoja kilikaa pahali pake mdomoni kinanigombeza. Gesi ikapanda puani. Macho yakaniuma. Nikafunga midomo, nikaminya, nikaishika shingo yangu kwa mkono kama anayesaidia kuku kumeza, nikasema shuka, ee shuka, mtoto wangu ananiangalia. Ilianza kushuka. Haki ya Mungu ilianza kushuka. Ndipo mbegu moja ikateleza, ikanasa palepale koo linapogawanyika.

Puuu!

Ilitoka yote. Ilitoka mdomoni na puani. Shati jeupe la kijana likawa la njano kuanzia kola mpaka mshipini, mbegu zimemkaa kwenye nyusi. Hakufumba hata macho, alibaki ameshika chupa. Baba yake akaanza kuinuka, na nilimwona akipapasa kofia. Nilimtazama binti yangu mlangoni. Alikuwa ameweka mkono mdomoni, na uso wake sitausahau hata nikizikwa. Nilitaka kusema samahani, lakini koo lilikuwa bado na ile mbegu, nikatoa sauti ya mbuzi.

Hapo hapo, kando yangu, Shangazi akaachia fimbo ikaanguka, akatupa mikono juu na kupiga vigelegele. Sauti ya bibi wa miaka themanini, lakini ilipasua hema. "Amembariki! Amempulizia! Kama ile siku yake mwenyewe! Kwetu milimani mama akipenda mukwe hasemi, anapuliza!"

Watu wa kwetu wote waliijua ile hadithi yangu, nilikuwa nimewachosha nayo. Wakaruka. Shemeji akakamata kipaza sauti akaeleza desturi kwa wageni, na chumvi juu. Baba wa kijana akakaa, akasimama tena, safari hii kupiga makofi. Yule kijana, magoti chini, akashika shati lake lililolowa akalibania kifuani, machozi yakamtoka. "Asante, Mama," akasema. "Asante sana, Mama." Nami nikamwekea mkono kichwani, kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya na mkono huo.

Jioni, nikiwa jikoni nasukutua kwa maji ya chumvi, binti yangu akaingia akanikumbatia kwa nyuma. "Mi nilijua utameza," akasema. "Sikujua utambariki." Alilia mgongoni kwangu hadi kitambaa kikalowa. Nikaendelea kusukutua.

Adhabu yangu ikaanzia hapo. Mkwe wangu aliamini marakuja ndiyo pombe ya moyo wangu, basi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi analeta kreti. Haleti na kuondoka. Anapiga goti, anamimina, anangoja ninywe glasi ya kwanza akinitazama usoni. Akabadilisha na etiketi. Sasa imeandikwa Baraka, na inauzwa hadi kwenye hoteli za ufukweni. Nimejaribu kila ujanja. Nimesema tumbo, nimesema sukari imepanda, akaniletea ya sukari kidogo, nayo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu hakuna kinachoficha ile maiti ya nyuma ya kabati. Chupa zinazobaki nawapa wauguzi wa zahanati ya mtaa, wananishukuru kwa mdomo wa kulazimisha.

Na uongo ukazaa. Mtaani kwetu watu wakaanza kuiga. Mwaka jana nilialikwa kwenye gusaba ya jirani, na baba mdogo wa binti, amelewa tangu saa nne na amekula mishikaki ya mbuzi, akajaza mashavu akampulizia bwana harusi bia na vipande vya nyama. Wakapiga vigelegele. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Hayo ningeyacheka. Kisichochekesha ni kwamba mimba ya kwanza ya binti yangu ilitoka. Alikaa kwangu wiki mbili, hakuimba. Mkwe wangu alikuwa anakuja kila siku baada ya kazi, anakaa sakafuni karibu na kitanda chake. Nami nikikaa sebuleni nawaza: hawa watoto hawana baraka. Mi nilipuliziwa baraka ya kweli, nikapata miaka thelathini na mmoja. Wao walipata mate ya kinyaa, na aliyewapa ni mimi. Wakigombana kidogo tu, hata juu ya rimoti ya televisheni, moyo wangu unashtuka.

Mwaka huu Mungu akawapa mtoto, msichana, na Shangazi akashuka tena kwa basi kuja kumwona. Ilikuwa ile Jumapili ya kreti. Mkwe na binti yangu walikuwa njiani na mtoto. Mimi na Shangazi tulikaa uani tunapepeta maharage, nikaamua. Nitaungama kwake kwanza, yeye mwenye desturi, anieleze jinsi ya kurekebisha. Kisha mkwe akifika nitamwambia naye, yaishe, na kreti liishe.

"Shangazi," nikasema upande wa sikio lake zima, "mi niko na kitu inanikaba."

"Sema."

"Ile siku sikumubariki mutoto. Ile bia ilikuwa mbaya. Nilitema."

Aliendelea kuchambua maharage. "Najua."

"Unajua?"

"Mutu mwenye kubariki hashike shingo yake. We ulishika shingo. Na mbegu moja ilinipiga hapa." Akagusa shavu.

"Sasa vigelegele ulipiga juu ya nini?"

"Ulitaka nipige yowe? Nilimuona mutoto pale ku mulango. Alikuwa anakuangalia sawa mutu mwenye kuona nyumba yake inaungua."

Nikashusha pumzi. Nikamwuliza sasa tufanye nini, hiyo desturi ya kwao milimani inarudiwaje, tuwapulizie vizuri.

"Desturi gani?" akasema. "Hakuna desturi. Niliitunga."

Nilicheka. Nilicheka mpaka ungo ukatikisika na maharage yakamwagika. Bibi huyu! "Shangazi, yani uliitunga palepale, siku hiyo?"

"Apana," akasema. "Siku hiyo ilikuwa mara ya pili."

Nikaacha kucheka. Yeye akainama kuokota maharage, moja moja, anayapuliza vumbi. Nilikuwa nimeshaelewa, lakini nilitaka aseme kwa mdomo wake, ili nipate wa kumkasirikia.

"Wifi yangu, mamamukwe wako, alikuwa mutu wa impeke, pombe ya mtama," akasema. "Ndizi hakuiweza. Alisema ile urwarwa ya mama yako inanuka sawa soksi ya askari."

Soksi ya askari! Urwarwa ya Mama! Nilisimama, ungo mkononi, damu imenipanda kichwani. Nilitaka kumfukua mamamkwe wangu nimwulize yeye na mtama wake walikuwa nani. Mwanamke asiyejua ndizi, asiyejua juma zima la kazi, mikono ya Mama ilivyochubuka kwa nyasi! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilisimama pale hadi hasira ikakosa pa kwenda, nikakaa.

"Mama alijua?"

"Alijua. Alinifuata nyuma ya nyumba, watu wakiwa wanacheza. Akanishika mikono yote mbili, akalia. Akasema nisikuambie hata siku moja. Halafu akaniuliza: 'Ni kweli iko mbaya?'"

Mama yangu, ambaye alikuwa akipita sokoni na kibuyu kichwani kama amevaa taji. Mama ambaye kila nilipoisimulia ile hadithi, yeye yupo, alikuwa anainuka kwenda kuangalia moto. Nilidhani ni unyenyekevu.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia iko tamu, wifi ndiye hana ulimi."

"Na we? We uliionaje?"

Shangazi akatupa kokoto kando. "Mi nilimeza," akasema. "Mutu anameza."

Lango likagongwa. Binti yangu akaingia na mtoto mgongoni, anaimba kwa sauti ya chini, na nyuma yake mkwe wangu na kreti begani. Akaliweka chini, akasalimia, akapiga goti kama kawaida yake, akafungua chupa mbele ya macho yangu, akamimina. Njano ile ile. Mbegu zinapanda, zinashuka. Shangazi aligeuza uso, akajishughulisha na maharage.

"Mama, safari hii nimeongeza marakuja," akasema, akiwa ameninyooshea glasi kwa mikono miwili. Kisha, sijui kwa nini siku hiyo, akauliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza. "Niambie kweli, Mama. Iko mbaya?"

Nikamtazama. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kuosha mapipa. Nikaichukua glasi, nikanywa funda la kwanza na la pili, mpaka chini, sukari na uchungu na ile maiti yake, mbegu na vyote. Moja ilinasa kooni, nikaingoja, ikapita.

"Iko tamu, mwanangu," nikamwambia.

Akacheka kwa furaha, akafungua chupa nyingine, akanijazia tena.